Mtihani Usio na Siku ya Mwisho

Mangere, Auckland
14 Februari 2004

Kwako Shangazi Kalolaine,

Naomba barua hii ikukute salama, na ikufikie kabla meli haijaharibika tena. Huku sote tunapumua. Mjomba Feleti bado anapakia mizigo uwanja wa ndege. Zamu yake imehamishiwa alfajiri, akirudi analala na viatu miguuni. Mama Ane, mkewe, anakusalimu. Kanisani tumepata mchungaji mpya anayehubiri mpaka lu za majani ya magimbi zinaungua majikoni, na hakuna anayethubutu kumwambia.

Kuna jambo moja la masomo, na nakuomba usishtuke. Ule mtihani wa taifa wa mwisho wa mwaka sitaufanya. Nitafanya ule wa kimataifa. Kwa kozi ya uuguzi wanataka masomo manne: Hisabati, Kemia, Biolojia na Kiingereza. Katika mtihani huu kila somo linasimama kwa miguu yake. Hisabati na Kemia nitayafanya Juni, Biolojia na Kiingereza Novemba. Vyuo vinaupokea, nimeuliza.

Mwambie Baba asinikalie kimya. Tangu Krismasi hajaniandikia hata mstari mmoja, na yeye ndiye aliyenifundisha kwamba barua isiyojibiwa ni matusi.

Mpwa wako,
Fusi


Esia, Niuafo'ou
21 Machi 2004

Mwanangu Fusi,

Barua yako imefika imelowa, maana siku ile bahari ya Futu ilichafuka na mfuko wa posta ukarushwa ufukoni kama mtoto wa nguruwe. Nimeianika juu ya chandarua, ndiyo nikaweza kuisoma. Tuko wazima. Upepo umeondoa paa la jiko la kanisa. Mishelisheli imezaa mpaka matunda tunawamwagia nguruwe. Mayai ya malau kule ziwani ni machache mwaka huu, watu wanachimba kabla ya wakati wake halafu wanalaumu ndege. Nakuandikia sasa hivi tukiwa tumetoka ibadani, kichwa kikiwa kimetulia.

Sasa hilo jambo lako. Nimefundisha shule ya Esia tangu hujazaliwa. Mtihani ninaoujua mimi, unaingia chumbani na wenzako, mnafungiwa, mnatoka mmekwisha, mnamwomba Mungu. Huu wako wa kuliwa vipande vipande kama nguruwe wa harusi ni mtihani gani? Leo kipande, kesho kipande, na anayesimamia anakungoja tu? Nani kakuletea habari hizi? Kama ni Feleti, simwamini. Ndugu wa marehemu mama yako wote ni watu wazuri, lakini Feleti tangu utoto hajui kusema hapana, anasema tutaona.

Na mbona barua nzima hukuitaja shule yako? Hukumtaja mwalimu hata mmoja, wala rafiki. Zamani ulikuwa unanichosha na habari za marafiki.

Nijibu hili moja bila kuzunguka: siku ya mwisho ya mtihani wako ni lini? Siyo mwezi. Siku.

Baba yako hajambo. Angeongeza neno hapa chini, ila yuko shambani, viazi vikuu havingoji.

Shangazi yako,
Kalolaine


Mangere
30 Aprili 2004

Shangazi mpendwa,

Nimefurahi kusikia mko wazima, na pole kwa paa. Mjomba amekohoa wiki nzima lakini anaendelea na kazi. Baridi imeanza kuingia, asubuhi nyasi zinalia chini ya viatu.

Mtihani nitakueleza tena taratibu. Wenyewe wapo ng'ambo, huko ndiko karatasi zinakotungwa na kusahihishwa. Hapa mjini kuna kituo ambacho mtu anajiandikisha na kwenda kukalia karatasi zake. Mara mbili kwa mwaka wanafungua. Anayetaka kufanya yote kwa mkupuo anafanya, asiyetaka anagawa. Akianguka somo moja analirudia hilo tu, mengine hayaguswi. Hakuna anayemngoja mtu, Shangazi. Saa ikifika mlango unafungwa kama wa kwako. Siyo mteremko. Ni mpana tu.

Siku ya mwisho siwezi kukutajia, maana haipo ya namna unayotaka. Ipo karatasi ya mwisho ya Novemba, lakini nikiharibu somo, litakuwepo la Juni ijayo. Sasa na mimi nakuuliza: kwa nini unataka siku? Hujawahi kuuliza siku ya chochote, hata ya kuja kwangu. Kama kuna mtu amekuja nyumbani na mizizi ya kava na mikeka mizuri kuniposa, na mnangoja nimalize ndipo mniambie, niambieni sasa. Na kama ni yule mgane wa kijiji cha Mata'aho mwenye pikipiki, jibu ni hapana.

Jambo jingine. Barua yako ina tarehe ishirini na moja Machi. Nimetazama kalenda ya Mjomba. Ilikuwa Jumapili, na mwenyewe umesema mmetoka ibadani. Shangazi, Jumapili Tonga nzima hakuna anayeshika jembe. Baba, ambaye Jumapili hakubali hata nifue soksi, alikuwa anafanya nini shambani?

Fusi


Esia, Niuafo'ou
7 Juni 2004

Fusi,

Leo ni Jumatatu. Tarehe iko juu, hesabu mwenyewe.

Ile barua niliianza Jumapili nikaimalizia kesho yake. Mtu akiandika kwa vipindi haandiki tarehe kila anaponyanyua kalamu. Baba yako alikuwa shambani Jumatatu. Hakuna mgane, hakuna pikipiki. Ukitaka kuposwa jitahidi kwanza kuacha kiburi.

Kijijini tumemzika mzee wa Petani, yule wa meno ya dhahabu. Mjukuu wa Lopeti wa posta amebatizwa. Meli ilikawia mpaka sukari ikatuishia kisiwa kizima, tukanywa chai na hasira.

Sasa nina la kwangu, nalo halihitaji kalenda. Bibi Vaisioa, niliyefundisha naye, anasali huko kwenu siku hizi. Ameniandikia. Anasema amekuona kwenye maduka ya Mangere siku ya kazi, asubuhi watoto wote wakiwa darasani, wewe huna sare, umevaa kandambili, unasukuma kiti cha magurudumu. Alikuita, ukageuza kiti ukaingia duka la nyama. Akasubiri nje. Ukatokea mlango wa nyuma.

Nani yuko kwenye hicho kiti? Na shule iko wapi? Huo mtihani wa vipande nilijua tangu mwanzo una kitu nyuma yake. Mtoto wa shule hana haja ya mtihani wa kugawagawa. Anayegawa ni yule ambaye muda wake una mwenyewe mwingine. Je, Feleti amekufanya yaya wa nyumba ya watu? Nikisikia hivyo, nitaomba nafasi kwenye meli ya kwanza nije nimuulize mbele ya kanisa lake.

Kalolaine


Mangere
12 Julai 2004

Shangazi yangu,

Barua yako nimeisoma bafuni, mlango nimefunga. Nakusalimu, na kabla ya yote usimwandikie Mjomba.

Aliye kwenye kiti ni Mama Ane. Alipooza upande mmoja Desemba, wiki mbili kabla ya Krismasi, akiwa anatoa nguo kwenye kamba. Mjomba alikuwa kazini. Nilimkuta mimi. Tangu siku hiyo hawezi kujivika wala kujilisha, na maneno yake yanatoka yamegongana. Mjomba akiacha kazi nyumba inakwenda. Hakuniambia niache shule. Alikaa mezani akasema, "Tutaona." Mimi ndiye niliyesema, "Hatuoni kitu, Mjomba. Nitakaa naye." Alilia, akaenda kulilia kwenye gari.

Mwalimu wangu wa sayansi ndiye aliyenielekeza. Aliniambia shule siyo mlango peke yake, kuna kujiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea. Hawaulizi sare, hawaulizi umri. Asubuhi ninamhudumia Mama Ane na kusoma pembeni yake. Jioni Mjomba akirudi, naenda Papatoetoe kwa Mwalimu Shakuntala, mama mmoja wa Fiji aliyestaafu, anayenifundisha jikoni kwake huku akikaanga vitunguu. Ndiyo sababu naugawa mtihani. Masomo manne kwa mkupuo yangenishinda.

Nilikuficha kwa sababu ungeamuru nihamishwe nyumba hii, na wewe ni dada wa Baba, ukiamuru nani atapinga? Basi amuru sasa, lakini ujue nimekataa kabla hujasema.

Karatasi za Juni nimezifanya. Ukumbini tulikuwa na wavulana wa shule za kuvaa tai, na mama mmoja wa makamo aliyekuja na mto wa kukalia. Msimamizi alimwangalia kila mtu usoni, akamlinganisha na picha yake. Nilikaa karibu na dirisha. Kemia niliiona kama inanijua. Hisabati tulitazamana tu.

Sasa nimesema yangu yote. Sema na wewe. Simu ya posta yenu inapiga hapa, nimeisikia mara kadhaa. Mjomba akiinua anasema "ndiyo" na "nimeelewa", akiniona anatoka nayo uani, waya umevutika mpaka umebana mlangoni. Nikimuuliza nani, anasema mtu wa kazini. Mtu wa kazini anaongea Kiniuafo'ou?

Nimepiga mwenyewe posta, Lopeti akaniambia Baba yuko shambani. Nikapiga tena, yuko shambani. Shamba gani hilo, Shangazi, limemmeza?

Fusi


Esia, Niuafo'ou
15 Agosti 2004

Mwanangu Fusi,

Nimepokea barua yako. Nimeisoma. Kwa ulichomfanyia Ane sitakugombeza. Mpe salamu zangu, mwambie aombe na sisi tunaomba.

Mvua ni kidogo. Nguruwe mkubwa amezaa.

Nataka unifafanulie mambo kadhaa kuhusu huo mtihani, na uyaandike kwa uwazi, kama unamweleza mtu ambaye hatakubali mpaka aone mwisho wake.

Zile karatasi ulizokwisha kufaulu, nani anazihifadhi? Na huyo anayezihifadhi akifa?

Mtu akiitwa akaondoka kabla hajamaliza masomo yote, zile za nyuma zinaoza au haziozi?

Asiyetokea siku ya karatasi yake, wanamwandika kuwa ameshindwa, au hawaandiki kitu?

Na akitaka kurudi baadaye, watamkubali, au watamwambia nafasi yako amepewa mwingine?

Jibu upesi. Usitumie meli. Mpe barua rubani wa ndege ya Vava'u, Feleti atajua njia.

Baba yako anakusalimu.

Shangazi


Mangere
8 Septemba 2004

Shangazi,

Salamu zote. Nakujibu kwanza, halafu nitasema.

Ukifaulu somo, jina lako na alama yako vinaandikwa kwa wenyewe mtihani, ng'ambo, na wewe unapewa cheti cha somo hilo. Havimo mikononi mwa mtu mmoja. Akifa, mwingine anakaa kwenye kiti chake.

Ukiondoka katikati, ya nyuma hayaozi. Cheti cha Kemia ni cha Kemia, hakingojei Biolojia. Matokeo ya Juni yametoka. Kemia nimepata alama ya juu kabisa, Mwalimu Shakuntala akaacha vitunguu vikaungua. Hisabati nimeanguka. Nitairudia peke yake, Kemia yangu itabaki palepale ilipo.

Usipotokea, hupati alama ya somo hilo kwa msimu huo. Kwenye cheti hawaandiki kwamba ulishindwa. Hawaandiki kitu. Na kurudi unarudi msimu wowote, mwaka huu au miaka ijayo. Hakuna nafasi ya mtu inayochukuliwa na mwingine. Yule mama wa mto wa kukalia ana wajukuu.

Hayo ndiyo majibu. Sasa nakwambia kitu. Maswali haya si yako. Wewe ungeandika "zinabatilika". Wewe neno "kuoza" unalitumia kwa samaki. Kuna mtu mmoja tu ninayemjua anayesema kila kitu kinaoza: viazi vinaoza, paa linaoza, serikali inaoza. Na ni yeye tu ambaye akiambiwa kitu kiko salama anauliza, "Na anayekitunza akifa?" Nilipofika hapo niliisikia sauti yake hata nikageuka.

Kwa hiyo Baba hayuko shambani. Yuko mahali ambapo unaweza kumsomea barua, na yeye akakutuma maswali, na mkono wake hauwezi kuandika.

Nimemuuliza Mjomba usoni. Nimemwambia, "Mtu wa kazini kwako ni Baba, au ni Shangazi?" Akasema, "Nimeapishwa." Mama Ane amemgombeza kwa yale maneno yake yaliyogongana, akampiga kwa mkono wake mzima. Naye alikuwa hajui.

Shangazi, mmekuwa mkinifanyia nini?

Fusi


Esia, Niuafo'ou
17 Septemba 2004

Mwanangu,

Barua hii anaibeba rubani mwenyewe mfukoni, na Feleti ataipokea uwanjani. Leo sina salamu ndefu.

Baba yako ana uvimbe tumboni. Tulimpeleka hospitali ya Vava'u Januari. Daktari alimfungua, akamfunga, akaniita pembeni. Semisi, baba yako, akasema nisiitwe pembeni peke yangu, na yeye ni mtu mzima. Akaambiwa. Njiani kurudi, kwenye meli, akaniapisha mimi, na tulipofika akampigia Feleti akamwapisha na yeye: mtoto asijue mpaka amalize mtihani.

Hujui kwa nini, na mimi sikupaswa kukwambia. Baba yako alikuwa kijana mwenye akili kuliko wote kisiwani. Walimpeleka sekondari Nuku'alofa. Akiwa ndani ya chumba cha mtihani, kalamu mkononi, mwalimu aliingia akamshika bega, akamtoa. Baba yetu alikuwa amefariki. Alipandishwa meli siku hiyohiyo, na alipofika tulikuwa tumeshazika. Mtihani wa siku zile usipokalia karatasi moja, zote zimekufa. Alipoomba kurudi wakamwambia umri umepita. Hakuwahi kulizungumzia. Lakini aliponiapisha alisema, "Mimi sitamtoa mwanangu chumbani kwa kufa kwangu."

Ndiyo maana nilikuuliza siku ya mwisho. Nilitaka kujua nikudanganye kwa muda gani. Na wewe kila ukiandika, siku ya mwisho inasogea mbele. Novemba, halafu Juni, halafu msimu wowote. Nikaona labda huo mtihani haupo, na labda nitamzika ndugu yangu huku wewe unasukuma kiti.

Barua yako ya Julai nilimsomea yote, hata ya Ane. Akasema, "Muulize." Ndiyo yale maswali. Hii ya sasa nimemsomea leo asubuhi. Akasema, "Soma tena pale pa kuoza." Nikasoma. Akasema, "Hawaandiki kitu?" Nikamwambia, "Hawaandiki kitu." Akasema, "Na wewe, mwalimu, unaamini?" Nikamwambia ukweli, kwamba mimi mtihani huu sijauamini tangu Februari, lakini mtoto amenieleza mara tatu na mara zote tatu maneno yake hayakupishana. Mwongo hawezi hivyo. Akageukia ukuta. Nilidhani amelala. Halafu akasema, "Basi aje."

Njoo, Fusi. Ane usimwogopee. Nimemwandikia Vaisioa. Nimemwambia, wewe uliyekuwa na muda wa kumvizia mtoto nje ya duka la nyama, sasa utakuwa na muda wa kumlisha mgonjwa asubuhi.

Shangazi


Esia, Niuafo'ou
20 Februari 2005

Mwanangu Fusi,

Nyumba ni kubwa tangu uondoke. Nguruwe wawili nimewagawa. Mikeka ya matanga nimeirudisha kwa wenyewe, mingine wameniachia. Jumapili nilipita kaburini, ule mchanga mweupe uliomwaga umetulia vizuri. Nywele zako nilizokata kwa ajili ya msiba bado ziko hapa, sijui kwa nini sijazitupa. Mpe mkono Ane. Vaisioa ameniandikia kurasa nne za kulalamika na nimezifurahia zote.

Umejiandikisha tena Juni, Feleti ameniambia. Masomo matatu. Vizuri.

Kuna jambo nimelikalia tangu siku ile. Zile wiki ulizokuwa hapa, kila asubuhi baba yako alikuwa anakukalisha kwenye meza pembeni ya kitanda na zile karatasi za miaka iliyopita. Yeye ndiye msimamizi. Alikuwa ananifukuza mimi, dada yake mkubwa, ndani ya nyumba yangu. "Kalolaine, toka, watu wako kwenye mtihani." Nikicheka ananionyesha mlango. Sikuwa nimemwona na furaha kama ile tangu akiwa mvulana.

Asubuhi ile nilikuwa uani nachambua majani ya magimbi. Kulikuwa kimya, na kwenye mtihani wenu kimya ni kawaida. Nilipoingia nilikukuta umeinama unaandika. Nikakuita. Ukanyanyua kidole kuninyamazisha, bila kugeuka. Nikaenda kitandani nikamshika mkono. Nikasema, "Fusi, inatosha." Hapo ndipo ukaweka kalamu.

Kwa watu nilisema alikata roho ukiwa unaandika, hukuona. Mchungaji alisema ni rehema ya Mungu kwamba hukuona. Lakini mimi nimeosha maiti wengi wa kisiwa hiki, na nausikia mkono. Ule mkono haukupoa ghafla. Kitanda na kiti chako vilikuwa vinagusana.

Sikulaumu. Nataka tu kujua nilichokiona. Ulijua?

Shangazi yako,
Kalolaine


Mangere
19 Juni 2005

Shangazi mpendwa,

Nisamehe kwa kukawia. Niliianza barua hii mara nyingi nikaichana, na safari hii siyo kosa la meli. Mama Ane anatembea na fimbo mpaka jikoni na kurudi. Yeye na Bibi Vaisioa wanagombana kutwa, na Mjomba anasema ugomvi huo umemponya kuliko dawa. Yeye mwenyewe amepewa zamu ya mchana.

Karatasi zote nimemaliza. Kiingereza kilikuwa chepesi. Hisabati safari hii mimi ndiye niliyeitazama kwanza. Biolojia ilikuwa ya mwisho, niliifanya Ijumaa. Msimamizi alipita akatulinganisha na picha zetu, akaangalia nywele zangu, akaangalia picha, akaangalia nywele tena. Nikamwambia, "Nimefiwa na baba." Akaweka picha mezani taratibu, akapita.

Nilingoja Biolojia iishe ndipo nikujibu. Nilijua nikikujibu kabla sitaweza kuishika.

Ndiyo, Shangazi. Nilijua.

Asubuhi ile alinipa karatasi ya Biolojia. Alikuwa amechoka, hakuweza kukaa, akasema atasimamia amelala. Akaniambia, "Hakuna kuinuka mpaka niseme. Hata nyumba ikiungua." Nikamwambia, "Na wewe ukitaka maji?" Akasema, "Msimamizi hanywi maji." Nikacheka. Akasema, "Anza."

Nilikuwa kwenye swali la moyo, njia ya damu, kuingia na kutoka. Nikasikia pumzi yake imebadilika. Ikavuta, ikakaa, ikavuta. Nikageuka. Alikuwa ananitazama. Hakuonekana kuumwa. Nikafungua mdomo, na yeye akanyoosha kidole chake kuelekea kwenye karatasi. Niandike. Nikainama nikaandika. Nilikuwa naandika huku mkono wangu wa kushoto umemshika. Sijui niliandika nini, ile karatasi sijaitazama mpaka leo. Pumzi ikavuta, ikakaa, na haikuvuta tena.

Niliweka kalamu. Nikamtazama muda. Ningeweza kukuita, nilikusikia uani unapasua majani. Nilijua nikikuita utaingia, utanishika bega, na utanitoa.

Basi nikaiokota kalamu nikaendelea. Swali la figo, swali la mimea, yote. Nilimaliza, nikarudi mwanzo, nikawa napitia majibu kama alivyokuwa anataka. Uliponikuta nilikuwa nimeshamaliza muda mrefu.

Nilikuwa nangoja aseme muda umekwisha.

Fusi